Kuchapa picha za kidijitali kupitia mtandao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara unapolinganisha huduma

Maswali haya ni ya mtu mwenye picha zake kwenye simu au kompyuta, anayetaka kuzishika mkononi, na aliyekuta tovuti nyingi zinazojisifu kwa maneno yaleyale. Tofauti kubwa kati ya huduma hizi haiko kwenye tangazo. Iko kwenye yale yanayolipata faili lako tangu ulipolipakia mpaka kisu kinapokata karatasi, na hayo unaweza kuyapima mwenyewe.

Nianze kulinganisha nini: bei, karatasi au kasi?

Anza na mambo matatu ambayo kwa kawaida yamefichwa kwenye kurasa za msaada: picha inakatwaje, rangi zinaguswa au haziguswi, na ikitoka vibaya nani anagharimia kuchapa upya. Huduma inayojibu hayo matatu waziwazi huwa inajua kazi yake. Isiyoyajibu, hata ikiwa rahisi kiasi gani, itakufanya ubahatishe kila unapoagiza. Bei na kasi zitazame baadaye, ukishabaki na huduma mbili au tatu.

Je, huduma zote si hutumia mashine za aina moja?

Hapana. Zipo njia nne, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni karatasi yenye chumvi za fedha, inayoathiriwa na mwanga. Mashine huandika picha juu yake kwa leza au taa za LED, kisha karatasi hupita kwenye dawa ya kudhihirisha picha, dawa ya kuondoa fedha iliyobaki, maji ya kusuuza, halafu hukaushwa. Utaratibu huo huitwa RA-4. Wanaosema "kusafisha picha" hawajakosea hata kidogo, maana karatasi hii inasafishwa kweli. Fujifilm Crystal Archive na Kodak Endura ni karatasi za namna hii. Rangi hupita kutoka moja hadi nyingine bila vitone, ngozi ya mtu hutoka vizuri, na kwa picha nyingi za ukubwa wa kawaida ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza.

Ya pili ni wino unaorushwa kwa matone madogo mno. Wino wenyewe ni wa namna mbili: rangi iliyoyeyuka kabisa kwenye kimiminika, au chembe za rangi zinazobaki juu ya karatasi. Wa chembe hustahimili mwanga vizuri zaidi. Njia hii hung'ara kwenye picha kubwa za ukutani na kwenye karatasi nene za pamba zisizong'aa.

Ya tatu ni utepe na joto. Rangi ya njano, ya majenta na ya samawati hupashwa moto moja baada ya nyingine hadi ziingie kwenye karatasi, kisha utando usio na rangi hufunika juu. Picha hutoka kavu papo hapo. Tatizo lake ni vumbi: punje moja ikikaa kati ya utepe na karatasi, huacha kitone cheupe au cha rangi.

Ya nne ni mitambo ya kuchapia vitabu na kadi, inayotumia tona (unga wa rangi) au wino mzito kama ule wa HP Indigo. Inafaa kitabu cha picha, lakini kwa picha moja moja za kuweka kwenye albamu haifikii njia ya kwanza.

Nikishapata picha, nitajuaje imechapwa kwa njia gani?

Chukua lenzi ya kukuzia mara 10 na utazame sehemu yenye rangi hafifu, mfano anga au shavu. Usipoona vitone kabisa, ni karatasi ya fedha au utepe. Ukiona vitone vidogo vilivyotawanyika ovyo, ni wino wa kurushwa. Vikiwa vimejipanga kwa mpangilio unaojirudia kama maua madogo, hapo umepata kazi ya mtambo wa vitabu. Ikiwa tovuti ilikuahidi karatasi ya picha halisi na umeona maua hayo, una haki ya kuuliza.

Huduma ya watu wote na maabara ya wapiga picha zinatofautiana wapi?

Huduma kama Shutterfly na Snapfish zimejengwa kwa ajili ya familia: unapakia, unachagua ukubwa, unaongeza kikombe au kalenda, unalipa. Mpix, ambayo ni tawi la maabara ya Miller's ya Marekani, na Saal Digital na WhiteWall za Ujerumani, huelekea zaidi kwa mtu anayejali karatasi na rangi. Ishara ya kutafuta ni profaili za rangi (mafaili madogo yanayoeleza karatasi na mashine fulani hutoaje rangi) unazoweza kupakua, kwa kila aina ya karatasi wanayouza. Saal Digital na WhiteWall huzitoa. Profaili hiyo ukiiweka kwenye programu yako ya kuhariri, skrini itakuonyesha kwa makadirio jinsi picha itakavyotoka, kabla hujalipa.

Kwa picha 200 za safari, huduma ya watu wote inatosha, usijitese. Kwa picha moja ya marehemu bibi itakayowekwa sebuleni, nenda kwa wanaotoa profaili.

Picha inahitaji pikseli ngapi?

Kanuni ni pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo picha ya sentimita 10 kwa 15, yaani inchi 4 kwa 6, inataka pikseli 1200 kwa 1800. Ya 13 kwa 18 inataka 1500 kwa 2100. Ya 20 kwa 30 inataka 2400 kwa 3600.

Simu nyingi hutoa picha ya pikseli 4032 kwa 3024, ambazo ni milioni 12. Hiyo inatosha kwa takriban sentimita 34 kwa 25 bila kupunguza ubora wowote. Picha ya ukutani inayotazamwa kwa umbali wa mita moja na zaidi huvumilia pikseli 200 kwa inchi, hata 150. Chini ya hapo, nywele hugeuka kuwa ukungu na maandishi kwenye picha huanza kuonekana kama ngazi.

Jihadhari na kuvuta picha wakati wa kupiga. Ukivuta mara 4 kwenye simu isiyo na lenzi ya mbali, kamera inakata tu katikati na kutanua kilichobaki. Faili litasema lina pikseli milioni 12, lakini undani wake hauzidi ule wa faili dogo, na tovuti haitakuonya kwa sababu yenyewe huhesabu pikseli tu.

Picha niliyotumiwa kwa WhatsApp inafaa?

Kwa 10 kwa 15, mara nyingi inapita. WhatsApp kwa kawaida huipunguza picha hadi upande mrefu uwe takriban pikseli 1600, na pia huibana. Ukiichapa 20 kwa 30 unabaki na pikseli kama 133 kwa inchi, tena zenye alama za kubanwa: miraba midogo angani na ukungu kuzunguka kingo za nyuso.

Mwombe aliyeipiga aitume tena kama dokumenti, si kama picha. Hapo faili linafika lilivyo. Kuikuza kwa programu za akili bandia kunaweza kunyoosha kingo, ila programu hizo hubuni undani ambao haukuwepo, na usoni mwa mtu unayemfahamu utauona ugeni huo mara moja.

Kwa nini vichwa vimekatwa wakati kwenye simu picha ilikuwa nzima?

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na chanzo chake ni umbo, wala si uzembe wa mtu. Simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2, yaani ni nyembamba zaidi. Ili kuijaza karatasi yote, mashine inapaswa kutupa asilimia 11 ya upande mfupi. Kwenye picha ya kulala, hiyo ni takriban milimita 6 juu na milimita 6 chini. Kama watu wamesimama na vichwa vinakaribia ukingo wa juu, hizo milimita 6 ndizo vilemba na nywele zao.

Una njia tatu. Kata mwenyewe kwa uwiano wa 3 kwa 2 kabla ya kupakia, ukiamua kipi kipotee. Au tafuta huduma inayouza ukubwa unaofuata uwiano wa simu, kama 11 kwa 15, ambayo kwa maoni yetu ni sababu tosha ya kuichagua huduma hiyo kama picha zako zote ni za simu. Au chagua mpangilio wa kuonyesha picha nzima, utakaoacha mistari myeupe pande mbili.

Unapolinganisha tovuti, jaribu hili: pakia picha moja ya simu, chagua 10 kwa 15, uone kama inakuonyesha fremu ya kukatia unayoweza kuisogeza kabla ya kulipa. Isiyoonyesha itakata katikati bila kukuuliza. Baadhi huonyesha fremu hiyo kwenye kompyuta lakini si kwenye programu yao ya simu.

Nimekata sawasawa kwa uwiano, mbona kingo bado zimepungua?

Kwa sababu mashine za kuchapa bila ukingo mweupe huikuza picha kidogo ipite nje ya karatasi, ili karatasi ikiyumba isibaki na uzi mweupe pembeni. Kinachopotea huwa kati ya milimita 1 na 3 kila upande, na upande mmoja unaweza kupoteza zaidi ya mwingine. Usiweke saini, tarehe wala mkono wa mtu ndani ya milimita 5 kutoka ukingoni.

Kwa sababu hiyohiyo, ukingo mweupe mwembamba uliouchora mwenyewe ni hatari. Wa milimita 2 utatoka milimita 3 upande mmoja na kutoweka upande mwingine. Ufanye wa milimita 5 au zaidi, au uiachie huduma iuweke yenyewe kama ina chaguo hilo.

Kwa nini picha zimetoka na giza?

Mara nyingi kosa ni la skrini. Skrini hutoa mwanga wake, karatasi huazima mwanga wa chumba. Ukihariri usiku huku simu ikiwaka kwa nguvu zote, utaona picha inang'aa na utaipunguza mwanga, kumbe unaipeleka gizani.

Wanaotumia kipimo huweka skrini kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Usipokuwa na kipimo, shika karatasi nyeupe kando ya skrini, chumba kikiwa na mwanga wa kawaida, fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha punguza mwanga wa skrini mpaka weupe wa pande zote mbili ulingane. Zima pia ule mpangilio wa simu unaobadilisha rangi kufuata mwanga wa chumba, na ule wa usiku unaoifanya skrini iwe ya manjano. Baada ya hapo itazame picha upya. Ikiwa sasa inaonekana ya giza, ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Na rangi zilizopauka?

Hapo tuhuma ya kwanza ni mfumo wa rangi. Huduma nyingi za watu wote huchukulia kila faili kuwa ni la sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini na tovuti. Ukiwapelekea faili la Adobe RGB, mfumo wenye rangi nyingi zaidi, na mashine yao ikaipuuza profaili, nyekundu na kijani hufifia na ngozi hupata ujivu. Picha za iPhone hutumia Display P3, ambayo pia ni pana kuliko sRGB.

Badilisha kwenda sRGB wakati wa kuhifadhi nakala ya kuchapa. Neno muhimu ni kubadilisha: programu nyingi zina amri mbili zinazofanana, moja hubadilisha namba za rangi zilingane na mfumo mpya, nyingine hubandika tu lebo mpya juu ya namba zilezile. Ukitumia ya pili umeharibu faili. Usipeleke faili la CMYK, mfumo wa rangi nne wa mitambo ya uchapaji, isipokuwa umeombwa, maana tovuti nyingi hulikataa, na zinazolipokea huweza kulitafsiri vibaya.

Yapo pia mambo ambayo karatasi haiwezi. Bluu kali ya skrini na waridi ya taa za neoni hazimo kwenye uwezo wa karatasi yoyote ya picha. Usiilaumu huduma kwa hilo.

Marekebisho ya otomatiki niyaache au niyazime?

Kama hujagusa picha zako, yaache. Yataongeza mwanga kwenye nyuso na kupunguza umanjano wa taa za ndani, na mara nyingi husaidia. Kama umezihariri mwenyewe, yazime bila kusita, kwa sababu mashine haijui kwamba giza la machweo ulilitaka. Picha ya machweo husafishwa umanjano wake, picha ya ukungu huongezewa weusi, na mfululizo wa picha tano za tukio moja hutoka na rangi tano tofauti kwa kuwa kila moja imerekebishwa peke yake.

Chaguo la kuzima huwa mahali pa ajabu: pengine kwenye mpangilio wa akaunti, pengine kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya malipo. Huduma isiyo na chaguo hilo popote haimfai mtu anayehariri.

Picha za nyeusi na nyeupe zimetoka na ukijani. Kwa nini?

Karatasi ya rangi hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi tatu. Dawa ikichoka au mashine isiporekebishwa, mchanganyiko unaegemea upande mmoja na kijivu kinakuwa na ukijani au uzambarau. Uliza kama wana karatasi maalumu ya nyeusi na nyeupe, au wino wenye vivuli kadhaa vya kijivu. Zima marekebisho ya otomatiki, na hifadhi faili kama la rangi tatu la sRGB, kwa kuwa mashine nyingine hugoma mbele ya faili la kijivu pekee.

Nifanyeje oda ya majaribio?

Hapa ndipo ulinganishaji wa kweli ulipo, na tunakuomba usiupite. Andaa mafaili sita yaleyale kwa kila huduma, yote pikseli 1800 kwa 1200, sRGB, JPEG ya ubora wa 90 au zaidi:

uso wa mtu kwenye kivuli chenye mwanga laini. Picha ya giza yenye nguo nyeusi. Kitu chenye rangi kali nyekundu na kijani. Majani au nywele kwa ajili ya undani. Picha ya nyeusi na nyeupe. Na la sita, karatasi ya vipimo utakayoichora mwenyewe.

Karatasi ya vipimo ni hivi. Kwenye uwanja mweupe chora mistari myembamba kuzunguka pande zote nne, umbali wa pikseli 12, 24, 36, 48 na 60 kutoka ukingoni, kila mmoja ukiwa na namba yake: 1, 2, 3, 4, 5. Kwa pikseli 300 kwa inchi, pikseli 12 ni milimita moja. Katikati weka mraba wa kijivu wenye namba 128 kwa rangi zote tatu (nyekundu, kijani na bluu, ambapo 0 ni weusi kamili na 255 ni weupe kamili), kisha ngazi ya weusi: 0, 5, 10, 15, 20, 25, 30, na ngazi ya weupe: 230, 235, 240, 245, 250, 255.

Picha zikifika, tazama mstari wa kwanza unaoonekana kila upande. Ukiona 3 juu na 1 chini, huduma hiyo imekula milimita 2 na kitu juu na haikula karibu chochote chini, kwa hiyo karatasi yao huyumba. Mraba wa kijivu ukiwa na rangi, mashine imeegemea. Ngazi za weusi kuanzia 20 kushuka zikiwa zote ni doa moja, suti nyeusi kwenye picha za harusi zitakuwa doa vilevile.

Agiza ukubwa mmoja na karatasi ya aina moja kote, bila marekebisho. Andika jina la huduma nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika unaokauka haraka, kwenye kona, kwa mkono mwepesi. Penseli haishiki kwenye karatasi yenye plastiki, na kalamu ya kawaida huacha mgongo unaoonekana mbele. Zichanganye, kisha mpe mtu mwingine achague bila kugeuza. Zitazameni karibu na dirisha mchana, jua lisizipige moja kwa moja, halafu tena usiku chini ya taa ya nyumbani. Picha mbili zinazofanana dirishani zinaweza kutofautiana chini ya taa.

Nichague karatasi gani?

Ya kung'aa huonyesha rangi nzito na weusi wa ndani, lakini alama za vidole na mwako wa taa huonekana. Ya mati, yaani isiyong'aa, haiwaki, ila weusi wake hufifia kidogo. Kati yao ipo yenye vinundu vidogo mithili ya ngozi ya chungwa, ambayo huuzwa kwa majina mengi. Hiyo huficha vidole na bado ina rangi, na kwa picha zitakazopita mikononi mwa watu ni chaguo letu. Karatasi ya lulu yenye mng'ao wa madini inapendeza kwa magari, maji na majiji usiku. Kwa ngozi ya mtoto mchanga, hapana.

Majina ya karatasi hayafanani kati ya huduma na huduma, kwa hiyo omba bahasha ya sampuli. Maabara nyingi za wapiga picha hutoa.

Nihesabuje gharama halisi?

Jumlisha picha, usafirishaji, ushuru na ada ya kushughulikia oda, kisha gawanya kwa idadi ya picha. Chukua mfano wa huduma mbili kwa oda ya picha 40. Ya kwanza inatoza 1 kwa picha na 30 kwa kutuma: jumla 70, sawa na 1.75 kwa picha. Ya pili inatoza 1.5 kwa picha na 6 kwa kutuma: jumla 66, sawa na 1.65. Iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Ukiagiza picha 200 hesabu inageuka: 230 dhidi ya 306. Ndiyo maana ofa ya "picha za bure" mara nyingi hulipiwa kwenye usafirishaji.

Tazama pia kama bei ya kutuma hupanda ghafla ukiongeza picha moja kubwa. Ya 30 kwa 45 inahitaji bomba au boksi bapa, na oda yote inaweza kuhamia kwenye daraja hilo.

Faili linakataliwa au upakiaji unakatika. Tatizo nini?

Kwanza aina ya faili. iPhone kuanzia iOS 11 ya mwaka 2017 huhifadhi HEIC, na si kila tovuti huipokea. Badilisha iwe JPEG, au kwenye mpangilio wa kamera chagua fomati inayokubalika na vifaa vingi.

Pili, angalia kama umechagua upakiaji wa haraka. Huo mara nyingi hupunguza picha kabla ya kuituma, na onyo la ubora mdogo litatokea baadaye bila wewe kujua sababu. Chagua ukubwa kamili, tumia Wi-Fi, pakia picha 50 kwa mkupuo badala ya 500, na hesabu zilizofika. Picha iliyolala ubavu baada ya kupakiwa inategemea alama ya mwelekeo iliyofichwa ndani ya faili. Izungushe na uihifadhi upya kwenye programu ya kuhariri.

Naweza kuchapa picha za pasipoti kwa njia hii?

Unaweza, kwa tahadhari moja. Nchi nyingi hutaka milimita 35 kwa 45, ambazo ni pikseli 413 kwa 531. Nane zinaingia kwenye karatasi moja ya 10 kwa 15. Lakini ule ukuzaji wa kujaza karatasi tuliouzungumzia hubadilisha kipimo: ukiwa asilimia 3, milimita 45 zinakuwa zaidi ya 46, na ofisi inaweza kuikataa. Chagua uchapaji wenye ukingo mweupe, chora mstari wa sentimita 5 pembeni mwa karatasi, na upime kwa rula kabla ya kukata hata moja.

Kitabu cha picha nikilinganishe vipi?

Uliza kinavyofunguka. Kinacholala bapa kabisa kinakuruhusu kutandaza picha moja kwenye kurasa mbili. Kilichogundishwa mgongoni kama kitabu cha kawaida hummeza yeyote aliye katikati, kwa hiyo usiweke uso wala maandishi ndani ya sentimita 1.5 kutoka kwenye mkunjo. Mengine ni uzito wa karatasi, na kama wanakuonyesha kitabu kizima ukurasa kwa ukurasa kabla ya kulipa. Makosa ya tahajia wao hawasahihishi.

Je, picha zangu ziko salama kwao?

Usiifanye tovuti ya kuchapia kuwa ghala lako. Kodak Gallery ilifungwa mwaka 2012, na picha za wateja wake wa Marekani na Kanada zikahamishiwa Shutterfly. Safari hiyo kulikuwa na pa kuzipeleka. Baadhi ya huduma hufuta akaunti zilizokaa muda mrefu bila kununua kitu. Weka nakala zako mbili mahali tofauti.

Kwenye masharti tafuta mambo mawili: kama wanaweza kutumia picha zako kwa matangazo, na mafaili hukaa kwao kwa muda gani baada ya oda. Faili la simu pia linaweza kubeba mahali picha ilipopigwa. Kama ni nyumbani kwako, ondoa taarifa hiyo kwenye nakala ya kupakia.

Picha zimefika na kasoro. Nidai nini?

Zipige picha ndani ya saa chache, zikiwa na bahasha yake, kwenye mwanga wa mchana. Taja kasoro kwa jina lake: mikunjo na kona zilizovunjika ni za usafirishaji, mistari ya kulala inayojirudia ni ya vichwa vya wino, michirizi mirefu iliyonyooka ni ya roli, vitone vya rangi ni vumbi. Ikiwa unalalamikia rangi, weka kando yake picha nyingine ya oda hiyohiyo iliyotoka vizuri, ili waone tofauti. Omba kuchapiwa upya kwanza. Dai linalosema tu "sijaipenda" hujibiwa polepole, ilhali linalosema "mistari kila milimita 4 kwenye picha 12 kati ya 40" humfikia fundi.

Zitadumu muda gani, na nizihifadhi wapi?

Mwanga, joto, unyevu na hewa chafu ndivyo vinavyozila. Picha iliyo kwenye albamu gizani hudumu mara nyingi zaidi ya ile inayokabili dirisha. Epuka albamu za plastiki ya PVC na zenye kurasa za gundi. Chagua mifuko ya polipropilini au poliesta na karatasi isiyo na asidi. Picha ya wino iache wazi kwa saa 24 kabla ya kuiweka kwenye fremu. Na usiiruhusu igusane na kioo: unyevu ukiingia, uso wa picha hunata, na siku ya kuitoa hutoka vipande. Weka fremu ya kadibodi kati ya kioo na picha, hata milimita mbili zinatosha.